Al-Jazari: Fundi Aliyeifanya Mashine Imtumikie Mtu



Jina lake na alipoishi

Ni Badi‘ az-Zaman Abu al-‘Izz Ismail bin ar-Razzaz al-Jazari. Nisba yake inatokana na al-Jazira, nchi iliyo baina ya mito ya Dijla na Furati. Aliishi karne ya 6 Hijria. Kwa miaka 25 alikuwa fundi wa watawala wa ukoo wa Artuq mjini Amid, ambao leo unaitwa Diyarbakir, nchini Uturuki.

Kitabu chake

Mtawala Nasir ad-Din Mahmud alimtaka aviandike vyombo alivyobuni, visije vikapotea. Akakimaliza kitabu mwaka 602 H (1206 M), na kwa kauli iliyo mashuhuri alifariki mwaka huohuo. Ndani yake mna vyombo 50: saa, mabirika na mabeseni, chemchemi, mashine za kupandisha maji na vinginevyo. Vimo pia vyombo vya baraza za ulevi za wafalme, historia haifichwi.

Al-Jazari hakuridhika na michoro ambayo mwenyewe hajaijaribu. Alieleza vipimo na namna ya kuunganisha kila kipande, ili fundi mwingine aweze kukiunda. Na waliomtangulia, kama Banu Musa wa Baghdad, aliwataja wala hakuwadhulumu haki yao.

Mtu kwanza

Mtawala huyo hakupenda mtumishi amwagie maji ya udhu. Al-Jazari akamtengenezea chombo cha kufanya kazi hiyo. Katika chombo chake kingine, maji hutoka kwa tausi wa shaba, na yaliyokwisha kutumika hukusanyika chini na kulinyanyua boya. Boya likipanda, hujitokeza sanamu lenye sabuni, kisha jingine lenye taulo. Aliunda pia beseni la kuonyesha kiasi cha damu inayotolewa kwa mgonjwa. Kila mara alianza na haja ya mtu, ndipo akaiendea mashine.

Vipande vyake ni vilevile: boya, vali, kapi na ndoo inayojipindua ikijaa. Alivipanga upya akapata mara saa, mara chemchemi. Katika jahazi lake la wanamuziki wa sanamu, gogo lenye vigingi lilizunguka na kuendesha mapigo ya ngoma.

Faida kwetu leo

Viwanda vya kisasa vinatumia njia iliyo karibu na hiyo. Badala ya boya kuna vihisio, badala ya vigingi kuna programu ya kompyuta, na mashine hugawanywa vipande vinavyoweza kubadilishwa bila kubomoa kiwanda kizima. Mwaka 2011 Wajerumani waliziita mbinu hizi mapinduzi ya nne ya viwanda. Kufikia mwaka 2021, Tume ya Ulaya ilikuwa ikihimiza ya tano, inayomweka mfanyakazi katikati, kwa kuwa ilionekana hatari ya mtu kugeuzwa mtumishi wa mashine: akimbizane na kasi yake, au aondolewe kabisa.

Mzazi mwenye mtoto anayependa kufungua redio na mashine za boti asimkemee kwa kuwa ni kazi ya mikono. Amfundishe pia kuuliza: chombo hiki kitamwondolea nani taabu, na nani kitamwongezea?

Allah amrehemu al-Jazari na atunufaishe kwa elimu yake. Amin.