Bruda Adam na Mbegu za Nyuki

Mfugaji huyu wa nyuki alizaliwa tarehe 3 Agosti 1898 katika kijiji cha Mittelbiberach, nchini Ujerumani. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Karl Kehrle. Alikuwa mtoto mwenye afya dhaifu. Mwaka 1910, akiwa na umri wa miaka 11, alipelekwa Uingereza kwenye nyumba ya watawa ya Buckfast. Watawa hao ni wa shirika la Mtakatifu Benedikto, ambalo watu wa Peramiho na Ndanda wanalifahamu vizuri. Huko alipewa jina la Adam, na baadaye watu wote wakamwita Bruda Adam.

Siku hizo watawa walikuwa wakijenga kanisa lao kwa mikono yao wenyewe. Kijana Adam aliwekwa kwenye kazi ya mawe, lakini kazi hiyo ilimshinda. Basi mwaka 1915 akapelekwa kumsaidia bruda aliyetunza nyuki.

Alianza kazi wakati mbaya. Nyuki wa Uingereza walikuwa wanakufa. Ugonjwa ulikuwa umeanza miaka michache nyuma katika kisiwa cha Wight, kisha ukaenea nchi nzima. Nyuki walishindwa kuruka. Walitambaa chini mbele ya mizinga yao mpaka wakafa. Baadaye, mwaka 1921, wataalamu walitangaza sababu yake: ni utitiri mdogo sana unaoingia katika mirija ya kupumulia ya nyuki.

Pale Buckfast kulikuwa na mizinga 46. Katika muda mfupi mizinga 30 ilikufa, ikabaki 16 tu. Bruda Adam akajiuliza, kwa nini hii 16 imepona? Mizinga yote ilikuwa mahali pamoja, na nyuki walikula maua yale yale. Alipochunguza aliona tofauti moja. Mizinga iliyokufa ilikuwa ya nyuki weusi wa Uingereza. Mizinga iliyopona ilikuwa na nyuki wa asili ya Italia, au machotara wao. Ugonjwa ni mmoja, lakini mbegu ya nyuki si moja. Jambo hilo lilimshika kijana yule maisha yake yote.

Mwaka 1919 alikabidhiwa nyuki wote wa nyumba ile. Sasa alitaka kuchagua mbegu, kama mkulima anavyochagua mahindi ya kupanda. Lakini nyuki si mahindi, wala si ng'ombe wa kufungiwa zizini. Malkia kijana huruka juu angani, mbali na mzinga wake, na huko hupandwa na madume kumi au zaidi. Huhifadhi mbegu zao tumboni kwa maisha yake yote. Ndiyo maana vibarua wa mzinga mmoja ni watoto wa mama mmoja na baba wengi. Mchanganyiko huo una faida. Mzinga wenye mababa wengi hustahimili magonjwa kuliko mzinga wa baba mmoja.

Nyuki dume naye ana ajabu yake. Hana baba. Hutokana na yai lisilorutubishwa, kwa hiyo kila alicho nacho amekipata kwa mama yake. Ukitaka madume mazuri, chagua mama yao.

Basi mwaka 1925 Bruda Adam alitafuta mahali pasipo na nyuki wa mtu mwingine. Alipata katika nyika ya Dartmoor, penye baridi na upepo mkali. Aliweka huko mizinga ya madume aliowachagua, kisha akapeleka malkia vijana. Malkia waliporuka, madume waliowakuta angani walikuwa hao tu.

Lakini kuchagua sana kuna hatari yake. Malkia akipandwa na madume wa ukoo wake mwenyewe, sehemu ya mayai yake hutoa majana yasiyofaa, na vibarua huyala. Ukitazama sega utaona matundu matupu hapa na pale katikati ya majana. Hiyo ni dalili ya damu moja kuzidi. Dawa yake ni damu mpya.

Kwa hiyo, kuanzia mwaka 1950, alipokuwa na umri wa miaka zaidi ya 50, mtawa huyu alianza kusafiri kutafuta nyuki. Alifika Ufaransa, Italia, Algeria, Ugiriki, Uturuki, Misri na Moroko. Kila nchi ilikuwa na nyuki wake, waliozoea hali ya kwao. Wale wa Uturuki walimpendeza sana, kwa kuwa hula asali kidogo wakati wa baridi. Aliwachanganya na wake, akatupa wengi, akabakiza wachache. Kupata sifa moja mpya na kuifanya idumu kulichukua miaka mingi.

Jambo moja alizidisha. Aliamini kwamba nyuki weusi wa Uingereza waliisha kabisa. Wataalamu wa siku hizi wamepima chembe za urithi, yaani zile zinazobeba sura na tabia toka kwa wazazi hadi kwa watoto, nao wameona kuwa uzao wa nyuki weusi bado upo.

Mwaka 1987, akiwa na miaka 89, alifika Afrika ya Mashariki. Alisaidiwa kupanda Mlima Kilimanjaro, kwa maana asingeweza peke yake. Alikuwa anamtafuta nyuki wa milimani, ambaye ni mweusi na mpole kuliko nyuki wa nyanda za chini. Wataalamu humwita monticola. Wazee wengi wa umri wake hukaa barazani. Yeye alitaka kumwona nyuki huyo kwao.

Mwaka 1992 aliacha kazi ya nyuki, baada ya kutoelewana na mkuu wa nyumba yao juu ya namna ya kuiendesha. Alifariki tarehe 1 Septemba 1996, akiwa na miaka 98. Nyuki wa uzao aliouanzisha huitwa Buckfast, na hufugwa katika nchi nyingi. Wafugaji wake huandika majina ya malkia mama na bibi zao katika madaftari, kama alivyofanya yeye.