Burkitt: Daktari wa jicho moja aliyechora ramani ya saratani ya watoto

Mzazi anayetoka Kibera au Kawangware kwenda mashambani kando ya Ziwa Victoria huvuka mpaka asioujua. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari; ukanda wa ziwa ni wa chini, wenye joto na malaria. Aliyegundua kwamba saratani moja ya watoto hufuata mpaka huo ni marehemu Dkt Denis Burkitt.

Alizaliwa Ireland mnamo 1911. Akiwa mvulana alipoteza jicho moja, na kwa sababu hiyo aliwahi kunyimwa kazi ya udaktari Afrika Magharibi. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alihudumu jeshini nchini Kenya na Somalia, kisha mwaka 1946 akaenda Uganda.

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, alionyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote. Muda mfupi baadaye akakuta mwingine Jinja. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili walisafiri kwa gari karibu kilomita 16,000, kutoka Kampala hadi Afrika Kusini, wakiuliza hospitali baada ya hospitali. Ramani yao ilionyesha kuwa ugonjwa huo ulikuwa adimu nyanda za juu zenye baridi.

Sampuli alizozituma London ziliwawezesha wanasayansi kugundua virusi vya Epstein-Barr mwaka 1964. Burkitt pia alionyesha kwamba dawa zingeweza kuwaponya baadhi ya watoto hao.

Alifariki mwaka 1993. Leo sababu ya ramani yake inaeleweka zaidi. Malaria ya mara kwa mara huchochea seli za kinga kutumia kimeng'enya kiitwacho AID, ambacho hubadili jeni kwa makusudi ili kingamwili ziwe bora. Vimeng'enya vingine hurekebisha na kuunga panapokatika. Lakini mara chache wao hukosea: kipande cha kromosomu ya 8 huungwa kwenye ya 14, jeni iitwayo MYC hukosa kizuizi, na seli huzaana ovyo. Virusi navyo huisaidia seli hiyo yenye hitilafu isife.

Uvimbe huu unaweza kukua maradufu kwa siku moja au mbili. Mtoto anayevimba taya au tumbo hana budi kufikishwa hospitalini mapema, kwani akitibiwa kwa wakati ana nafasi kubwa ya kupona.