Edgard Colle, mugonjwa aliyeshinda wazima

Huku kwetu Butembo na Beni, mbele ya maduka, watu wanacheza dame na vifuniko vya chupa mpaka jua linazama. Sataranji, ile tunaita échecs ku masomo, wenye kuicheza ni wachache. Lakini nayo iko na mashujaa wake. Mmoja alitoka Ubelgiji, wakati nchi hiyo ilikuwa ingali inatawala Kongo.

Edgard Colle alizaliwa tarehe 18 Mei 1897 katika mji wa Gand. Mwaka 1922 akakuwa bingwa wa Ubelgiji, na mpaka 1929 alikuwa amekamata cheo hicho mara 6. Nje ya nchi pia walimujua. Mwaka 1926 alitoka wa kwanza Amsterdam, mbele ya Tartakower na Euwe, kisha wa kwanza tena Merano, kule Italia. Mwaka 1930, Scarborough, Uingereza, aliacha nyuma Maróczy na Rubinstein, watu wawili wa kuogopwa sana.

Kumbe mtu huyo alikuwa mgonjwa. Vidonda vya tumbo vilimutesa miaka mingi. Wanganga walimupasua mara tatu. Kila mara anapona kidogo, anarudia ku meza ya mchezo. Na mchezo huu si wa dakika kumi: unakaa masaa mengi, kesho unaanza tena na adui mwingine. Mwenye tumbo nzima anachoka, sembuse yeye.

Pengine watu wangefikiri kama mgonjwa atacheza kwa woga. Hapana. Njia yake, ambayo mpaka leo inaitwa kwa jina lake, inaanza polepole: askari wadogo wanajipanga katikati, mfalme anafichwa pembeni. Kisha askari mmoja anasukumwa mbele, njia zinafunguka, na vita inaelekea moja kwa moja kwa mfalme wa adui. Ku Nice, mwaka 1930, akicheza na O'Hanlon wa Irlandi, alitoa kipande chake kimoja bure, juu ya kuvuta mfalme wa mwenzake inje. Akashinda. Mchezo huo wanafunzi wanaonyeshwa mpaka leo.

Tarehe 20 Aprili 1932 alikufa palepale Gand, kisha kupasuliwa mara ya nne. Alikuwa na miaka 34 tu. Hakupata kuwa bingwa wa dunia.

Lakini hakusahauliwa. Max Euwe, Muholanzi aliyepambana naye mara nyingi, aliandika kitabu cha kumukumbuka. Miaka mitatu nyuma, mwaka 1935, Euwe huyo njo alishinda Alekhine na kuwa bingwa wa dunia. Naye Koltanowski, Mubelgiji mwenzake, alienda Marekani na kufundisha njia ya Colle kwa watu wengi.

Leo anayeanza kujifunza sataranji anapewa njia hiyo kati ya zile za kwanza, sababu ni rahisi kushika. Wengi wanaicheza pasipo kujua kama mwenye kuipa jina alikuwa anacheza na maumivu tumboni.