Tingatinga: Alichora Miaka Minne, Akaacha Kazi kwa Wengi

Ukitaja tingatinga huku kwetu Morogoro, wengi huwaza trekta la shambani au mtambo wa kuchonga barabara. Lakini kwa wanaouza na kununua picha, tingatinga ni aina ya uchoraji: chui mwenye madoa makubwa, tembo wa buluu, ndege wa shingo ndefu, macho ya duara na rangi zinazowaka kama za katuni. Jina hilo ni la mtu, Edward Saidi Tingatinga. Leo tunakueleza maisha yake.

Alizaliwa mwaka 1932 katika kijiji cha Namochelia, siku hizi Nakapanya, wilayani Tunduru, mkoani Ruvuma. Wazazi wake walikuwa wakulima wa kawaida. Alisoma madarasa machache ya shule ya msingi ya misheni, na hakuwahi kuingia chuo chochote cha sanaa.

Katika miaka ya 1950 alifanya kama vijana wengi wa kusini, akaondoka kwao kwenda kutafuta kibarua cha mkonge Tanga. Sisi ambao mkoa wetu una mashamba ya mkonge kama ya Kimamba, kule Kilosa, tunayajua maisha hayo. Wazee wetu wanawakumbuka manamba waliotoka mbali, wakakata mkonge kwa ujira mdogo, na wengine hawakurudi kwao tena.

Kutoka Tanga alikwenda Dar es Salaam. Huko alifanya kazi za ndani na bustani kwenye nyumba ya Mwingereza, kisha akahangaika na vibarua vya hapa na pale. Alipenda pia muziki na ngoma za kwao. Uchoraji ulikuja baadaye, akiwa ameshavuka miaka 30.

Ilikuwa mwaka 1968. Wakati huo wachoraji kutoka Congo walikuwa wakiuza picha mitaani Dar es Salaam, na wageni walizinunua. Tingatinga aliona kazi hiyo anaiweza. Hakuwa na turubai wala rangi za wasanii, ambazo ni ghali. Alitumia vilivyokuwepo madukani: ubao mwembamba wa kuwekea dari, uliokatwa vipande vya mraba vya kama sentimita 60 kila upande, na rangi ya mafuta inayong'aa, ile ya kupaka milango na baiskeli.

Namna yake ilikuwa rahisi kuifuata. Ubao wote hupakwa rangi moja na kuachwa ukauke. Juu yake anachorwa mnyama mmoja au wawili, mara nyingi wakijaza ubao mzima. Mwisho huja madoa, mistari na nukta, kila rangi ikikaa peke yake. Hakuna kivuli, na hakuna haja ya mnyama kufanana sana na yule wa porini.

Picha hizo ziliuzwa Oysterbay, nje ya duka lililoitwa Morogoro Stores, mahali walipopita wageni wengi. Mke wake alisaidia kuuza. Kwa hiyo jina la mkoa wetu limo katika historia hii, ingawa duka lenyewe lilikuwa Dar es Salaam.

Picha zilipoanza kununuliwa, Tingatinga aliwaita ndugu na jamaa zake, akawafundisha. Kati yao walikuwa Simon Mpata, Ajaba Abdallah Mtalia, January Linda, Kasper Henrik Tedo na Adeusi Mandu. Walikaa naye, wakajaza rangi, wakajifunza kwa kutazama mkono wake, kama fundi seremala anavyomfundisha kijana wake. Angeweza kuificha kazi hiyo ili wateja wabaki wake peke yake. Hakufanya hivyo.

Mwaka 1972, usiku mmoja jijini Dar es Salaam, polisi waliokuwa wakifukuza wahalifu walimpiga risasi kwa kumdhania kuwa mmoja wao. Akafariki akiwa na umri wa miaka 40. Alikuwa amechora kwa takriban miaka minne tu.

Kama angekuwa amefanya kazi peke yake, huenda habari yake ingeishia hapo. Lakini wanafunzi wake waliendelea kuchora na kuuza palepale Oysterbay, nao wakafundisha wengine. Mwaka 1990 wachoraji hao waliunda ushirika unaobeba jina lake. Mpata alikwenda Kenya, na leo kuna hoteli ya watalii huko Masai Mara yenye jina lake.

Picha zenyewe nazo zimebadilika. Wachoraji waliofuata wameongeza vijiji, masoko na hospitali, ubao mmoja ukiwa na watu wadogo wadogo kwa makumi: mama na beseni kichwani, daktari na sindano, mtoto anayekimbiza kuku. Ukiitazama kwa karibu, kila kijitu kina shughuli yake. Vipo pia vibao vidogo vinavyoingia kwenye begi la msafiri.

Jambo moja tungependa ulishike. Picha nyingi zinazoitwa tingatinga hazikuchorwa na Tingatinga mwenyewe. Alizochora kwa mkono wake ni chache, na nyingi zilinunuliwa na wageni. Hizi za leo ni za wachoraji wengine wenye majina yao, kwa hiyo ukinunua, tazama pembeni ya picha usome jina la aliyechora.

Na kama wewe ni fundi, iwe wa kusuka mikeka kule Matombo au wa kuchonga vinu kule Mgeta, fikiria ni nani anayekaa karibu yako akitazama mkono wako. Tingatinga alipata miaka minne tu, na ilitosha kwa sababu hakukaa nayo peke yake.