Luc Gillon, padri mwanafizikia aliyeleta mtambo wa kwanza wa nyuklia barani Afrika

Kila mwaka vijana kutoka Goma, Bukavu, Kisangani na Lubumbashi wanapanda kilima cha Mont Amba, mjini Kinshasa, kwenda kusoma katika Chuo Kikuu cha Kinshasa, UNIKIN. Kwenye kilima hicho kuna kituo cha utafiti wa nyuklia, CREN-K. Hapo ndipo ulipowashwa mtambo wa kwanza wa nyuklia barani Afrika, mwaka mmoja kabla inchi yetu haijapata uhuru. Mtu aliyeupigania hakuwa mwanasiasa wala mwanajeshi. Alikuwa padri Mbelgiji aliyeitwa Luc Gillon.

Gillon alizaliwa Ubelgiji munamo mwaka wa 1920. Alipata upadri, lakini pia alisomea fizikia ya nyuklia katika Chuo Kikuu cha Louvain. Baadaye alikwenda Princeton, Marekani, kuendelea na utafiti. Mwaka wa 1954 alitumwa Kongo kuongoza chuo kipya cha Kikatoliki kilichoitwa Lovanium. Alikuwa na miaka 33 tu. Masomo yalifunguliwa mwezi wa kumi mwaka huohuo, na wanafunzi hawakufika hata 50.

Wakati ule ukoloni ulikuwa umezoea kumfundisha Mkongomani kazi ya usaidizi. Kule Kisantu walifundishwa wasaidizi wa daktari na wasaidizi wa kilimo, si madaktari wala wahandisi kamili. Gillon aliikataa njia hiyo. Alitaka masomo ya Lovanium yawe sawa na ya Louvain, na diploma iwe na thamani ileile kama ya Ubelgiji. Alitaka pia weusi na weupe wakae darasa moja, jambo ambalo halikuwapendeza wakoloni wengi. Mtu aliyepita na kuona vichaka na mchanga wa kilima kile angeweza kucheka. Lakini katika miaka michache palisimama madarasa, maabara, nyumba za wanafunzi na hospitali.

Kisha likaja wazo lililowashangaza wengi zaidi. Wasomaji wa Katanga wanalijua jina la Shinkolobwe. Uraniamu iliyochimbwa huko ndiyo iliyotumiwa na Wamarekani kutengeneza mabomu ya atomu ya mwaka wa 1945. Kwa sababu ya madini hayo, Ubelgiji ulipata nafasi ya karibu kwa Marekani katika mambo ya nyuklia. Gillon, aliyeijua fizikia hiyo vizuri, aliona kwamba inchi iliyotoa uraniamu nayo ilistahili kupata elimu yake. Alihangaika hadi akaupata mtambo wa aina ya TRIGA, uliotengenezwa na kampuni ya General Atomic ya Marekani. Mwezi wa sita mwaka wa 1959 ukaanza kufanya kazi. Uliitwa TRICO, yaani TRIGA ya Congo.

Mtambo huo haukuwa wa kutoa umeme wala wa kutengeneza silaha. Nguvu yake ilikuwa kilowati 50 tu, na moyo wake ulikuwa umezamishwa ndani ya maji. Fimbo zake zilikuwa na uraniamu iliyochanganywa na zirkoni na haidrojeni. Joto likizidi, nguvu ya nyuklia inapungua yenyewe. Ndiyo sababu vyuo vikuu vingi duniani vilichagua aina hiyo kwa kufundishia. Kwa mtambo kama huo mwanafunzi anaweza kupima mionzi, kuchunguza kilichomo ndani ya jiwe la madini, na kutayarisha chembe za mionzi zinazotumiwa katika matibabu na utafiti wa kilimo.

Uhuru ulipofika mwaka wa 1960, Wakongomani wenye diploma ya chuo kikuu walikuwa wachache mno. Wabelgiji wengi walikimbia fujo, lakini Gillon alibaki na Lovanium haikufungwa. Mwaka wa 1961, wabunge wa inchi iliyokuwa imegawanyika walikutana kwenye kilima hichohicho, na hapo ndipo Cyrille Adoula alipopata uwaziri mkuu.

Hata hivyo si kila kitu kilikuwa shwari. Gillon aliongoza kwa mkono mzito, na maprofesa wengi walikuwa bado wageni. Mwaka wa 1964 wanafunzi waligoma. Walidai wasikilizwe katika uongozi wa chuo na Waafrika wapewe nafasi zaidi. Vijana aliowafundisha kuwa sawa na wenzao wa Louvain sasa walitaka usawa huo katika uongozi pia, na haki yao haikukanushika. Mwaka wa 1967 Gillon aliacha ukuu wa chuo, na nafasi yake ikachukuliwa na Mkongomani, Tharcisse Tshibangu, ambaye baadaye alikuwa askofu wa Mbuji-Mayi.

Kituo cha nyuklia nacho kiliongozwa kwa miaka mingi na mhandisi Mkongomani, profesa Félix Malu wa Kalenga. Mtambo wa kwanza ulisimamishwa mwaka wa 1970, na mwaka wa 1972 ukawashwa wa pili, TRICO II, wenye nguvu ya kilowati 1 000. Huo umezimwa tangu mwaka wa 2004 kwa kukosa fedha na vipuri, na mmomonyoko wa udongo unakitishia kilima chenyewe.

Gillon alifariki mwaka wa 1998, miaka kumi baada ya kutoa kitabu cha kumbukumbu zake, Servir. Madini ya mashariki na ya Katanga yanaendelea kutoka kwa magunia na kwa malori, huku maabara nyingi za vyuo vyetu zikikosa vifaa. Mwaka wa 1959, chini ya ukoloni, padri mmoja aliweza kurudisha nyumbani sehemu ndogo ya faida ya Shinkolobwe na kuiweka mbele ya wanafunzi. Serikali ya inchi huru inaweza kufanya zaidi ya hapo, na vijana wanaopanda Mont Amba wana haki ya kuidai.