Al-Biruni na Hesabu ya Punje za Sataranji

Miongoni mwa wanazuoni ambao tungependa watoto wetu wawajue ni Abu Rayhan Muhammad bin Ahmad al-Biruni. Alizaliwa mwaka 362 Hijria (973 Miladia) huko Kath, nchi ya Khwarazm, ambayo leo imo ndani ya Uzbekistan. Mwaka 1017 Sultan Mahmud alipoiteka nchi hiyo, al-Biruni alichukuliwa hadi Ghazna, Afghanistan ya leo. Huko aliandika kitabu chake mashuhuri kuhusu India.

Kabla ya hapo, karibu mwaka 1000, aliandika Al-Athar al-Baqiya, kitabu cha kalenda za mataifa. Humo alipiga hesabu ya kisa cha kale cha ubao wa sataranji: nyumba ya kwanza punje moja, ya pili mbili, ya tatu nne, hivyo hivyo hadi nyumba ya 64. Hukumu ya kucheza sataranji ina maelezo yake kwa mafakihi. Hapa tunazungumzia hesabu tu.

Jumla yake ni 18,446,744,073,709,551,615. Al-Biruni hakujumlisha nyumba moja moja. Alijua kwamba kila nyumba inazidi jumla ya zote zilizotangulia kwa punje moja tu. Alijua pia kwamba ukizidisha idadi ya nyumba kwa idadi hiyo hiyo, unaruka mbele kwa masafa yale yale uliyokwisha kutoka nyumba ya kwanza. Nyumba ya 5 ina 16. 16 mara 16 ni 256, nyumba ya 9. Kisha 65,536, nyumba ya 17. Kisha 4,294,967,296, nyumba ya 33. Zidisha mara moja zaidi, ufike nyumba ya 65, ambayo haimo ubaoni. Toa moja, umepata jumla.

Wanaocheza bao visiwani wanazijua kete 64. Wajaribu kisa hiki kwa kete zao. Na mkulima wa mtama wa Sepuka, mkoani Singida, tukikadiria kilo yake ina punje 40,000, angehitaji magunia ya kilo mia yapatayo trilioni 4.6. Anayehesabu punje moja kila sekunde angemaliza baada ya miaka bilioni 584.

Imepokewa kwamba al-Biruni alipokuwa katika maradhi ya mauti, fakihi mmoja alimzuru. Akamuuliza mas-ala ya mirathi ya bibi. Fakihi alimwonea huruma, akaona si wakati wake. Al-Biruni akamjibu kuwa kuiaga dunia akiijua mas-ala hiyo ni bora kuliko kuiaga akiwa hajui. Akaelezwa, akairudia mpaka ikamkaa. Fakihi alipotoka, hata hajafika mbali, akasikia kilio nyumbani humo. Ilikuwa karibu mwaka 440 Hijria.

Basi sisi tulio wazima tuna udhuru gani? Wangapi miongoni mwetu wanagombana juu ya shamba la marehemu kwa sababu hakuna aliyejifunza mafungu? Tuwafundishe watoto hesabu pamoja na dini yao. Mwenyezi Mungu amrehemu al-Biruni, na atunufaishe kwa elimu. Amin.