John Ford na Farasi wa Ireland

Likitajwa jina la John Ford wengi wetu hukumbuka vumbi la jangwani na John Wayne na bastola yake. Mimi nimependa kumweleza kwa sinema yake ndogo ya mwaka 1926, ya zama zile picha zilipokuwa bubu, iitwayo The Shamrock Handicap. Humo naiona nyumba yao zaidi kuliko katika zile za bastola.

Alizaliwa Februari 1894 katika jimbo la Maine, Marekani, akiitwa John Martin Feeney. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Ireland. Babake, mtu wa Galway, alikuwa na kilabu cha pombe mjini Portland. Kakake, Francis, ndiye aliyetangulia kuingia sinema na kujiita Ford. Mwaka 1914 mdogo akamfuata California, akawa mtumishi wake, huku akiruka na kuanguka badala ya waigizaji. Hata jina alilichukua kwake. Lakini alipotoa The Iron Horse, 1924, mdogo alikuwa amekwisha kumpita mkubwa, na jambo hilo si jepesi katika nyumba yoyote.

Sasa tuitazame hadithi yenyewe. Sir Miles, bwana wa Ireland, hana moyo wa kuwabana wapangaji wake, hivyo auza baadhi ya farasi wake kwa Mmarekani. Kijana mpanda farasi, Neil, achukuliwa Marekani, amwacha Sheila binti Sir Miles, ambaye ni Janet Gaynor. Huko aumia mashindanoni akawa kiwete. Baadaye bwana na bintiye wavuka bahari na farasi wao Dark Rosaleen, tegemeo lao la mwisho. Neil ampanda na kilema chake, akashinda, wakarudi kwao. Kamari tumekatazwa, wala siisifu. Kilichonigusa ni huko kurudi, kwani wahamiaji wengi hawakurudi.

Mwaka 1951 Ford mwenyewe alikwenda Ireland kutengeneza The Quiet Man. Mapenzi tena, ndugu tena, na mbio za farasi, safari hii ufuoni. Ugomvi ni wa mahari, ambayo kwao zamani mke ndiye aliyekuja nayo, na kaka mtu ameizuia. Ilimpa Ford tuzo yake ya nne ya Oscar ya uongozaji. Kisha akaja huku kwetu Afrika Mashariki kupiga Mogambo.

Katika The Quiet Man yumo mzee wa ndevu nyeupe, yu kitandani angoja mauti. Asikia habari za ngumi nje, mara aruka, atoka mbio kwenda kutazama! Mzee huyo ni Francis. Kwa miaka mingi mdogo wake alikuwa akimpa visehemu kama hivyo. Francis alifariki Septemba 1953. John akafuata tarehe 31 Agosti 1973.